Injini ya Land Rover ya baba imefufuka. Tushuke nayo Mombo?

Shikamoo Mzee Makenika,

Mimi ni binti wa kwanza katika familia ya watoto watano, kwetu Lushoto. Marehemu baba alituachia Land Rover 109 ya mwaka 1974, ya petroli, pikapu yenye bodi wazi nyuma, ile aliyopakilia kabichi na viazi tangu sijazaliwa. Mwaka 2011 ilizima njiani, ikavutwa hadi nyumbani na kuegeshwa chini ya mparachichi. Hapo ndipo ilipokaa miaka yote hiyo, mpaka kuku wakawa wanatagia ndani.

Baba alifariki mwaka jana. Ndugu tulikubaliana tuifufue, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mshahara, nafanya kazi Tanga, nilitoa shilingi milioni 3 na laki 4. Injini ilishushwa, bloku likachongwa, krenki ikasagwa, zikawekwa pistoni, ringi, sheli na gasketi mpya. Wiki mbili zilizopita iliwashwa. Mama alilia. Mimi nilisikia mlio wake kwenye simu nikakaa chini, maana ulikuwa mlio wa baba akirudi jioni.

Sasa hitma ya baba ni wiki tatu zijazo, Korogwe, kwa baba mkubwa. Mdogo wangu wa kiume anataka tushuke nayo mlimani kupitia Mombo, wazee wakae mbele, vijana nyuma pamoja na masufuria na mchele. Fundi anasema injini ni mpya, hofu ya nini? Nilipomuuliza kuhusu breki alijibu, "Zinashika." Lakini Jumamosi nilipokwenda nyumbani, nilikaa pembeni ya mdogo wangu akilizungusha gari uwanjani, nikaona mguu wake unakanyaga mara mbili, mara tatu, ndipo gari linasimama. Nikasema. Nikaambiwa Land Rover za zamani ndivyo zilivyo, na kwamba mimi si fundi. Mama naye anaona kama nazuia gari la baba lisiende kwenye hitma ya baba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mzee, ni kweli ndivyo zilivyo? Na kama sivyo, nianzie wapi? Nimebakiwa na laki 9 tu.

Binti wa Kwanza, Lushoto

*

Marahaba, binti yangu. Poleni sana kwa kuondokewa na mzee, Mwenyezi Mungu ampe makazi mema. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kwenye ule mguu uliokanyaga mara tatu. Wewe si fundi, lakini ulichokiona ni kikubwa kuliko yote aliyokuambia fundi.

Hapana, Land Rover za zamani sivyo zilivyo. 109 yenye breki nzima inasimama kwa kukanyaga mara moja, na pedeli inagota juu, mbali na sakafu. Anayekuambia tofauti amezoea kuendesha gari bovu.

Na la hitma nakujibu hapa hapa ili usiendelee kusoma ukiwa roho juu: msishuke nayo. Kodini Noah au Coaster iwapeleke wazee Korogwe. Mwambie mama kwamba gari litaoshwa, litawashwa, na asubuhi ya safari wazee watasoma dua hapo uani likiwa mbele yao kabla hawajapanda la kukodi. Mama hataki safari ya Mombo, anataka gari la mumewe liwepo. Litakuwepo.

Nikueleze kwa nini nasema kwa ukali hivi. Mwaka 1987 nilikuwa kijana gerejini Tanga. Mteja alileta pikapu yake, nikaijenga injini kwa mikono yangu, ikatoka inalia vizuri kama cherehani. Wiki ya pili akapakia mbao Lushoto akaanza kushuka. Akiwa kwenye kona za chini ya Soni pedeli ikazama mpaka kwenye bati. Aliibamiza pikapu kwenye ukingo wa mlima, upande wa ndani, na hilo likamwokoa, ila kijana aliyekaa juu ya mbao alivunjika mguu. Niliitwa kwenda kulivuta gari. Nilipofungua gurudumu la mbele, pistoni ya wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma breki za gurudumu, ilikuwa imeganda kwa kutu, niliitoa kwa nyundo, na ndani mlikuwa na tope la kahawia linalonuka. Sikuwa nimeombwa niangalie breki, nami sikuuliza. Kabla ya ile injini, gari lile lilikuwa chovu, halikuweza kubeba mzigo wala kwenda kasi, kwa hiyo breki mbovu zilikuwa zinatosha. Mimi ndiye niliyeliongezea nguvu. Tangu siku ile, gari likija kwangu kwa ovahoo, naanza na magurudumu.

Jumamosi hii nenda nyumbani, kaa mwenyewe nyuma ya usukani. Injini iwe imezimwa. Kanyaga breki mara moja, sikilizia inagota wapi. Achia, kanyaga upesi mara mbili tatu. Ikipanda na kuwa ngumu, shuu, vile viatu vya breki, ziko mbali na dramu vinayoibana, zinataka kusogezwa, kazi ya spana na nusu siku. Ikiwa laini kama unakanyaga godoro, kuna upepo kwenye mabomba. Kisha ikanyage kwa nguvu uishikilie, uhesabu taratibu hadi 60. Ikizama chini ya mguu wako kidogo kidogo, mafuta yanatoroka, ama ndani ya masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, ama kwenye gurudumu. Halafu inuka, mdogo wako akae hapo hapo afanye vile vile. Usibishane naye. Mwache mguu wake umwambie.

Jambo la pili ni kufungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki. Mafuta mazima yana rangi ya samli iliyoyeyuka, unaona mpaka chini. Yakiwa meusi au ya kahawia yenye vumbivumbi, hayo ni ya tangu 2011 au kabla, na mafuta ya breki yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani. Uwanjani hutaligundua hilo. Ila kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 na unashuka karibu mita 1,000, dramu zinapata moto usioweza kuzigusa, maji yale yanachemka yanakuwa mvuke ndani ya bomba, na mvuke hausukumi pistoni. Pedeli iliyokuwa ngumu nyumbani inakufa njiani. Kwa hiyo fundi anaweza kuwa mkweli kabisa anaposema zinashika, kwa sababu amejaribu uwanjani tu.

Laki 9 yako yote ianzie hapa. 109 ina wili silinda mbili kila gurudumu la mbele na moja kila gurudumu la nyuma, jumla 6. Zote zifunguliwe. Iliyochimbika kwa kutu ibadilishwe nzima, usikubali kubadilishiwa mpira tu juu ya chuma kilicholika, maana mpira mpya utakatika ndani ya mwezi. Hozi za mpira ni tatu, mbili mbele na moja nyuma. Kwa umri wao zibadilishwe bila kuuliza, hata kama kwa nje zinaonekana nzuri, kwa kuwa huvimba ndani zikaziba na gurudumu likabaki limeshikwa. Mabomba ya chuma mwambie fundi ayafute kwa brashi ya waya, hasa pale yanapobanwa na klipu kwenye chesisi, maana kutu hujificha hapo. Na angalia masta silinda: likitoka bomba moja tu, ujue gari lina njia moja ya breki. Likivuja popote, breki za magurudumu yote manne zinakufa kwa pamoja. Magari ya siku hizi yana njia mbili, moja ikifa nyingine inakusimamisha. La baba yako huenda halina huruma hiyo.

Mafuta yawe yameandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye chupa. Nasisitiza kwa kuwa nimewaona watu wakijaza oili ya injini au hydroliki ya stelingi, "ili tufike tu". Mipira yote inavimba na kazi nzima inaanza upya.

Hendibreki ya Land Rover hizi haimo kwenye magurudumu. Ina dramu yake nyuma ya gia boksi, inaishika propela shafti ya nyuma. Lala chini uangalie: ikiwa imelowa oili, sili ya pale imekufa, na hata wakikaza waya kiasi gani haitashika. Na msiitumie kusimamisha gari likiwa kasi, mtavunja ekseli. Ni ya kuegeshea. Kwenye milima ya kwenu, tengenezeni na kipande cha mti cha kuzuia gurudumu, kikae kwenye gari siku zote. Naamini baba yako alikuwa nacho; kitafuteni chini ya siti.

Breki zikiisha, ingieni chesisi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haishiki kutu kama bati, ndiyo maana baada ya miaka yote chini ya mparachichi unaiosha inang'aa. Watu wengi hudanganyika hapo, kwa sababu chini ya bodi hiyo chesisi ni chuma cha kawaida, na imekaa juu ya majani na unyevu wa Lushoto. Chukua nyundo ndogo ugonge kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinaitika kama boksi. Gonga zaidi pale springi zinapofungwa kwenye chesisi, na kile chuma cha nyuma kabisa kinachopita upande hadi upande. Nyundo ikizama, kipande hicho kikatwe na kuchomelewa chuma kipya chenye unene ule ule. Fundi asikupakie putty na rangi nyeusi.

Kwenye usukani kuna vichwa vya tairodi 6, yaani viungo vya fimbo zinazogeuza magurudumu. Mtu mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, gari likiwa chini, wewe uweke kiganja juu ya kila kichwa. Kilichokufa utakisikia kinagonga mkononi kabla hujakiona. Kisha pandisha mbele kwa jeki, liegemee stendi, ushike tairi juu na chini ulitikise. Likicheza ni beringi za gurudumu au za kingpini, pale gurudumu linapogeukia. Ongeza oili kwenye boksi la stelingi na ile mipira mikubwa ya chuma inayong'aa nyuma ya magurudumu ya mbele. Ikiwa imechimbika, oili itavuja, na kuvuja kidogo mnaweza kuishi nako mradi mnaongeza. Usukani unaocheza mpana kabla matairi hayajageuka, huo siwezi kukuruhusu.

Matairi ya 2011 yatupwe. Najua yanauma kwa bei na yana meno. Angalia ubavuni kuna tarakimu 4, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, 2309 maana yake wiki ya 23 mwaka 2009. Mpira uliokaa juani miaka hiyo una nyufa kama kisigino kikavu, na hauendi na mzigo kwenye kona. Kama pesa haitoshi matairi yote, gari lisubiri mpaka zitoshe. Limesubiri tangu 2011, litasubiri na miezi mingine miwili.

Sasa injini yenyewe, maana nayo haijamaliza. Muulize fundi mambo mawili. La kwanza, presha ya oili ni ngapi injini ikiwa ya moto? Afunge geji, asitegemee taa. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika tunataka kati ya psi 35 na 65. La pili, siti za vali za egzosi aliweka ngumu au aliacha za zamani? Gari la 1974 lilitengenezewa petroli yenye madini ya risasi, na petroli hiyo iliondoka kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ilikuwa inalinda siti. Kama zimeachwa za zamani si mwisho wa dunia, ila tapeti, yaani nafasi ya vali, zipimwe mara kwa mara, kila baada ya kilomita 2,000 hivi, kwa sababu vali huzama na nafasi yake hujifunga mpaka vali inaungua. Kwa injini ya silinda nne nafasi ni 0.25 mm, vali ya kuingiza na ya kutoa sawa.

Injini iliyojengwa haipendi kuwashwa na kuachwa inguruma uani ili watu waje kuisikiliza. Najua mnafanya hivyo, na sababu yake naielewa. Lakini ringi zinakaa kwenye silinda injini ikifanya kazi, ikipanda na kushuka mizunguko; ikiachwa bure muda mrefu silinda zinang'aa kama kioo na oili itaanza kuliwa. Kilomita 800 za kwanza isizidi mwendo wa 60 hadi 65, isipandishwe mlima kwa gia kubwa ikilalamika, na isibebe mzigo kamili. Oili imwagwe baada ya kilomita 500, na hedi ikazwe tena injini ikiwa ya baridi. Usishangae kuona oili ya kwanza ina unga wa chuma.

Tangi na rejeta vina ugonjwa mmoja: taka. Tangi lishushwe lioshwe, maana kutu yake itaziba kabureta kila kilomita kumi. Kile kikombe cha kioo kwenye pampu ya petroli kitakuonyesha kinachoshuka. Rejeta lipelekwe kwa fundi wa rejeta lifunguliwe. Injini mpya inakuwa imekaza, inatoa joto zaidi kuliko ile chovu, na bado mnataka kupanda nayo kutoka Mombo. Na wakikuambia thamostati itolewe "ili ipoe", kataa. Ikae.

Taa, indiketa, honi, waipa na taa ya breki unaweza kuzikagua wewe na mama mkiwa wawili, mmoja ndani mmoja nje. Nyaya zilizoguguniwa na panya zibadilishwe, zisiviringwe tepu.

Karatasi nazo ni sehemu ya gari. Kadi bado ina jina la marehemu, kwa hiyo lazima kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye ndiye atakayekwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, kubadilisha umiliki. Msikate bima kwa jina la marehemu, siku ya ajali mtajuta. Ada ya mwaka ya barabara ilifutwa 2017, lakini waulizeni TRA kama namba hiyo ina deni lolote la nyuma. Linganisheni namba za chesisi na injini na zile za kwenye kadi. Kama bloku lilibadilishwa, namba mpya iandikishwe. Kisha mpelekeeni mkaguzi wa magari wa polisi alione, na nunueni pembetatu na kizima moto. Na watu nyuma ya pikapu hapana, hata likiwa jipya la jana.

Siku ya kulitoa, ndugu yako aendeshe, nawe ukae pembeni. Mpe heshima hiyo, kwa sababu naye analipenda gari la babake, tena pengine anaona ndiyo njia yake ya kujitegemea. Siku ya kwanza uwanjani tu: mwendo wa 20, kisha 40, kukanyaga mara moja, usukani ukiwa umeshikwa kilegevu. Likivuta upande mmoja, rudini gerejini. Siku ya pili pandeni Magamba mrudi, gari tupu. Siku ya tatu shukeni hadi Soni, gia ya tatu au ya pili, breki mnagusa na kuachia, msiburute, na asithubutu kuachia gia ili aokoe petroli. Mkifika Soni egesheni, weka mti kwenye gurudumu, kisha pitisha kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Zote nne zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Moja ikiwa baridi haifanyi kazi, na moja ikiwa kali kuliko wenzake imeganda. Kanyaga pedeli tena hapo hapo ikiwa bado ya moto. Ikigota juu kama asubuhi, siku nyingine mnaweza kwenda hadi Mombo, bado mkiwa watupu. Mzigo wa kwanza uwe magunia matatu.

Ukishafanya jaribio la Jumamosi niandikie mambo matatu: pedeli ilizama au haikuzama, mafuta ya breki yana rangi gani, na nyundo ilizama wapi. Nitakuambia laki 9 yako itafika wapi.

Mzee Makenika